Picha ya Ubongo Hujibu Ulichoiuliza

(Hotuba kwa matabibu, wauguzi na wataalamu wa mionzi wa mikoa ya Mtwara na Lindi, iliyotolewa Mtwara mjini. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya walioshindwa kufika. Slaidi zimeachwa.)

Ndugu mwenyekiti, waganga wafawidhi, madaktari, matabibu, wauguzi, ndugu zetu wa mionzi, na ninyi wanafamilia mliokuja huku mmewashika wazee wenu mkono: asalaam aleykum, na habari za asubuhi.

Mzee anaingia chumbani kwako. Uso umekauka, hatua fupi, mkono unatetemeka au hautetemeki. Umeshaandika nini kabla hajaketi? Umeandika "Parkinson". Na mara nyingi umepatia. Lakini nyuma ya neno hilo moja wamejipanga wengine wanaofanana naye. Kuna Parkinson yenyewe, ile aliyoieleza James Parkinson kule London mwaka 1817. Kuna PSP (progressive supranuclear palsy), inayofunga macho yasitazame juu na chini na kumwangusha mtu chali. Kuna MSA (multiple system atrophy), inayokula mwendo, presha na kibofu kwa pamoja. Kuna ule wa kotiksi, yaani gamba la ubongo, unaoushika mkono mmoja hadi mwenyewe anaukana. Halafu wapo ambao si ugonjwa wa kuoza kwa ubongo kabisa: dawa, mishipa iliyoziba, maji yaliyojaa kichwani, damu iliyovia chini ya utando.

Kuna faida gani kuwatenganisha? Faida ipo, jamani. Parkinson huitikia kwa miaka levodopa, dawa inayoongeza dopamini, ile kemikali ya ubongo inayoendesha mwendo. PSP huitikia kidogo au haiitikii. Mgonjwa wa MSA ukimwongezea dozi bila kupima presha, utamwangusha wewe mwenyewe. Na hao wa mwisho niliowataja, wengine wao wanapona. Wanapona!

Uzembe wa kutowatambua si wa kusini peke yake. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulipita katika watu 161,071 na kuwakuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Walikuwa wanaishi nao, wanaitwa wazee.

Leo nimekuja na neno moja, na nitalirudia mpaka mchoke: picha hujibu swali. Usipouliza swali, picha hujibu "hakuna tatizo", na mgonjwa anarudi na filamu safi na ugonjwa wake uleule.

Nianze na kabla ya picha.

Tumtunge mama mmoja wa Masasi, umri miaka 61, mbanguaji wa korosho. Vidole vyake vimekuwa vizito, punje zinamtoka, anatetemeka mikono yote miwili kwa pamoja. Familia imechanga, wanataka MRI, ile picha ya sumaku. Nesi mmoja makini anamwomba amwage dawa zote alizonazo kwenye mkoba. Inatoka metoklopramidi, ile ambayo wengi wetu tunaiita Plasil. Anaimeza kila siku, miezi mitano sasa, kwa ajili ya tumbo. Mama yule anahitaji MRI ya nini? Anahitaji kuacha kidonge, na kusubiri. Kusubiri wiki, pengine miezi, hata sita na zaidi, kwa sababu vipokezi vya dopamini haviachiwi kwa siku moja.

Kwa hiyo mkoba umwagwe. Tafuteni metoklopramidi, sinarizini ya kizunguzungu, haloperidoli, klopromazini, na sindano ya flufenazini ambayo mgonjwa haitaji kwa kuwa "si dawa ya kumeza". Na hapa nina ugomvi kidogo na sisi wenyewe: mgonjwa wa Parkinson akianza levodopa anapata kichefuchefu, na sisi tunamwandikia nini? Metoklopramidi ileile. Tunaufunga mlango tulioufungua asubuhi. Kama lazima apewe kitu na moyo wake hauna tatizo, domperidoni ndiyo inayotumika, maana haiingii sana ubongoni.

Kitu cha pili kabla ya picha ni mashine ya presha. Mlaze dakika tano, pima. Msimamishe, pima dakika ya kwanza na ya tatu. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, andika. Ukikuta na mkojo unambana au hautoki wote, MSA ipande kwenye orodha yako.

Cha tatu ni macho. Shika kalamu, mwambie aifuate kwa macho bila kusogeza kichwa, juu, chini. Mwangalie akila. Mzee wa PSP akikaa mkekani na sahani ya ugali mbele yake, tonge linapotea njiani na kifua kinajaa mchuzi, si kwa utetemeshi bali kwa kuwa macho hayashuki kuiona sahani. Familia itakwambia amekuwa mchafu. Muulize pia ameanza kuanguka lini. Kuanguka chali ndani ya mwaka wa kwanza si tabia ya Parkinson.

Cha nne ni levodopa yenyewe. Jaribio la dawa ni kipimo, lakini tunalifanya nusu. Nusu kidonge mara tatu kwa wiki mbili, halafu tunaandika "hakuitikia". Hapana. Panda polepole, dozi itolewe mbali na mlo wa samaki na maharage, maana protini hugombea njia moja na dawa. Kama anavumilia, fika hadi miligramu 1000 za levodopa kwa siku kwa muda wa mwezi mmoja angalau, ndipo useme haikusaidia. Ukilisema kabla ya hapo, unamsingizia mgonjwa.

Sasa tuje kwenye picha.

Picha ya CT, ile ya eksirei ya vipande, ndiyo iliyo karibu na wengi wetu. CT inajibu swali gani? Inajibu: je, kuna kitu kinachotibika kwa upasuaji au kinachojieleza chenyewe? Basi. CT haitakutenganishia PSP na Parkinson. Ubongo wa kati na ponsi iliyo chini yake, sehemu mbili za shina la ubongo, vimekaa katikati ya mifupa mizito ya masikio, na mionzi ikipita pale huacha mistari ya giza inayofuta kila kitu. Msomaji asiandike "ponsi ni ya kawaida" juu ya mistari ile.

Tumtunge mvuvi wa Mikindani, miaka 70, aliyeteleza kwenye ngalawa mwezi mmoja na nusu uliopita, akajigonga, akaamka, akaendelea na shughuli. Sasa anaburuta miguu, analala mchana, haongei. Ametumwa na fomu iliyoandikwa "Parkinson, CT ya kichwa". Msomaji anatafuta Parkinson. Haioni, kwa sababu CT haionyeshi Parkinson, na anaandika hakuna tatizo. Swali lilikuwa nini? Lilikuwa bovu. Damu iliyovia kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, au iliyochanganyika mpya na ya zamani, huweza kuwa na rangi sawasawa na ubongo. Ikiwa pande zote mbili, hata mstari wa katikati hausogei, na picha inaonekana imetulia kabisa. Imetulia mno! Mzee wa miaka 70 asiye na mifereji usoni mwa ubongo, ubongo uliojaa kama wa kijana, huyo si mzima. Badilisha mwanga wa picha, fuata mifereji mpaka ukingoni mwa fuvu: kama haifiki kwenye mfupa, kuna kitu kati yao. Fomu ingesema "alianguka wiki sita zilizopita, mwendo umebadilika tangu hapo", jicho lingekwenda huko lenyewe.

Swali la pili la CT ni maji. Mtu anayetembea kana kwamba nyayo zimegandishwa sakafuni, mkojo unamtoka, na kumbukumbu inapungua. Chukua upana mkubwa kabisa wa pembe za mbele za vyumba vya maji, ugawanye kwa upana wa ndani wa fuvu kwenye kipande hichohicho. Ikizidi 0.3 vyumba vimepanuka. Hiyo inaitwa kipimo cha Evans. Lakini ubongo uliosinyaa nao hupanua vyumba, kwa hiyo tazama juu kabisa ya kichwa: kama mifereji ya juu imebanwa huku vyumba vikiwa vikubwa, maji yanashukiwa. Hatua inayofuata ni kutoa mililita 30 hadi 50 za maji ya mgongo na kumpima mwendo kabla na baada, kwa saa na kwa hatua, si kwa kumuuliza "unajisikiaje mzee?" Wazee wetu wana adabu, watakujibu vizuri tu.

Tufike kwenye MRI, na hapa naomba mnivumilie kidogo.

Mwaka 1955, mjini Toronto, Kanada, mfanyabiashara mmoja wa miaka 52 alimwendea rafiki yake daktari, J. Clifford Richardson. Alilalamika kwamba amekuwa mzito wa viungo, haoni sawasawa, na anasahau kidogo. Macho yake kwa kupimwa yalikuwa mazima. Kilichokufa ni uwezo wa kuyasogeza. Richardson aliwakusanya wagonjwa wa namna hiyo, na mwaka 1964 yeye pamoja na Steele na Olszewski wakauchapisha ugonjwa tunaouita PSP leo. Walijuaje? Walisubiri mgonjwa afe, wakapasua, wakaona ubongo wa kati umeliwa. Tunachofanya na MRI ni kuyaona hayo mgonjwa akiwa bado anapumua. Ubongo wa kati unaposinyaa huku ponsi chini yake imebaki nene, ukitazama ubavuni unamwona ndege mwenye mdomo mrefu. Vitabu vinamtaja ndege wa Amerika. Hapa kwetu ndege chozi anatosha.

Lakini msimtafute chozi kwa macho tu. Pimeni. Macho ya mtu aliyekwisha kumshuku mgonjwa humwona chozi kila mahali.

Ombeni T1, aina ya picha ya MRI, ya pande tatu, vipande vya milimita 1. Kisha tafuta kipande cha katikati kabisa. Utakijuaje? Kwenye kipande hichohicho utauona mfereji mwembamba unaounganisha chumba cha tatu na cha nne cha maji. Usipouona kwa urefu wake, uko pembeni, na kosa la milimita mbili tatu linatosha kukupa namba ya uongo. Kichwa kikiwa kimelala upande, nyoosha picha kwenye kompyuta kwanza. Halafu zungushia duara refu ubongo wa kati, ukiacha nje bamba la nyuma ya ule mfereji. Zungushia lingine ponsi. Kwa kila moja, pima upana mkubwa unaokata urefu wake kwa pembe mraba. Gawanya wa ubongo wa kati kwa wa ponsi.

Kwenye utafiti wa London wa mwaka 2013, uliotumia wagonjwa ambao ubongo wao ulithibitishwa baada ya kifo, upana wa ubongo wa kati chini ya milimita 9.35 na uwiano chini ya 0.52 vilielekeza kwenye PSP. Kundi lilikuwa dogo. Na namba ile ni kali: ikiwa chini, PSP ina nguvu, ikiwa juu, PSP haijatoka, hasa mwanzoni mwa ugonjwa. Wengine hupima eneo badala ya upana. Wajapani mwaka 2005 walipata wastani wa milimita za mraba 56 kwa wagonjwa wa PSP, na kama 103 kwa wa Parkinson. Tofauti hiyo ni kubwa.

Ipo pia fomula ndefu ya Waitaliano ya mwaka 2008: eneo la ponsi kugawanya eneo la ubongo wa kati, mara upana wa mkono wa kati wa serebela (ubongo mdogo wa nyuma) kugawanya wa mkono wa juu. Wao walikata kwenye 13.55. Ni nzuri, ila mkono wa juu ni mwembamba sana, na mpimaji asiyeuzoea anaharibu hesabu yote hapo. Maoni yangu: kwa kituo chenye wasomaji wachache, uwiano ule rahisi unaopimwa vizuri ni bora kuliko fomula inayopimwa vibaya.

Tahadhari moja: mgonjwa wa maji kichwani naye anaweza kuonyesha chozi. Ndiyo maana namba ya ubongo wa kati na kipimo cha Evans viandikwe kwenye ripoti moja, visitengane.

MSA nitaipitia upesi. Tazama T2, aina nyingine ya picha ya MRI. Ponsi inaweza kuonyesha msalaba mweupe, mkono wa kati wa serebela ukang'aa, serebela ikasinyaa. Putameni, kiini kimoja cha ndani ya ubongo, inaweza kusinyaa na kuwa na mstari mweupe pembeni. Mstari huo una maana kwenye mashine ya Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), kwenye Tesla 3 hata watu wasio na ugonjwa wanao, kwa hiyo ripoti isiyotaja nguvu ya mashine inapotosha. Msalaba nao si wa MSA peke yake, hutokea kwenye magonjwa ya kurithi ya serebela. Na kwa kijana chini ya miaka 40 mwenye kutetemeka, angalia viini vya ndani kwa ajili ya Wilson, ugonjwa wa kurithi unaorundika shaba mwilini, pima seruloplazmini, protini inayobeba shaba kwenye damu, mulika macho utafute pete ya shaba. Wilson inatibika, usiikose.

Na Parkinson yenyewe, MRI inaonyesha nini? Kwa MRI ya kawaida, mara nyingi haionyeshi kitu. Mliosikia, waambieni na wengine: MRI safi haiiondoi Parkinson, bali ndivyo Parkinson ilivyo. Kwenye Tesla 3 kuna doa jeupe dogo nyuma ya eneo jeusi la ubongo wa kati ambalo hupotea. Lakini hupotea kwa Parkinson, hupotea kwa MSA, hupotea kwa PSP. Linakutenganishia mgonjwa na mzima, halikutenganishii mgonjwa na mgonjwa.

Vivyo hivyo ile picha ya nyuklia ya visafirishi vya dopamini, inayotumia ayodini 123. Kwenye jaribio la levodopa la Marekani lililochapishwa mwaka 2004, wagonjwa 142 waliopigwa picha ya aina hiyo walikuwa wameshaambiwa na wabobezi kwamba wana Parkinson. Kati yao 21 walikutwa na picha za kawaida. Wabobezi, jamani, 21 kati ya 142! Picha hiyo ni hodari wa kutofautisha Parkinson na utetemeshi wa kurithi au wa dawa. Ukiiuliza "ni Parkinson au PSP?" haina jibu, maana kote dopamini imepungua. Ile ya sukari, PET, ina jibu zuri zaidi, lakini florini 18 hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo haisafiri kuja kwetu kirahisi. Sasa kuna programu ya kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha Florida inayosoma MRI ya mtawanyiko wa maji na kutenganisha Parkinson, MSA na PSP. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 249 kwenye vituo 21 vya Marekani na Kanada, yote kwa Tesla 3. Inatia matumaini. Hata hivyo kompyuta inasoma picha iliyotulia tu, na hapo ndipo tunapokwama.

Kwa nini picha nyingi za wagonjwa hawa zinaharibika? Kwa sababu tunawaambia "njoo bila kula, bila dawa". Nani alisema? MRI ya ubongo isiyo na dawa ya mshipani haihitaji kufunga, na mgonjwa wa Parkinson asiyemeza dozi ya asubuhi atatetemeka kwenye mashine nusu saa nzima. Ameze dawa, apigwe picha saa moja baadaye. Akojoe kwanza. Sponji pande zote za kichwa, mto chini ya magoti, blanketi, kwa kuwa baridi ya chumba kile huongeza utetemeshi. Na ndugu zangu wa mionzi, anzeni na T1 ya pande tatu. Anzeni nayo! Mnaiacha ya mwisho, mzee ameshachoka, na kipande tunachokitaka kuliko vyote ndicho kinachotoka na ukungu. Kabla ya yote muulizeni kuhusu betri ya moyo, kama aliwahi kuwa fundi wa kuchomelea na chuma kikamrukia jichoni, na mvueni pini, meno ya bandia na hirizi yenye chuma. Mwombeni kwa heshima, mwanawe aishike nje.

Fomu sasa. Hii ni ya mfano, inakiliwe na anayetaka:

"Mwanaume, miaka 66. Mwili mzito kusogea miaka 2, pande zote sawa, hatetemeki. Kuanguka chali mara 3 mwaka wa kwanza. Macho hayashuki. Presha akilala 138/84, akisimama dakika 3, 132/80. Levodopa miligramu 1000 kwa siku, wiki 6, hakuna nafuu. Hatumii dawa za kichefuchefu wala za akili. Swali: PSP, au maji kichwani? Naomba upana wa ubongo wa kati na ponsi kwenye kipande cha katikati, kipimo cha Evans, na nguvu ya mashine."

Mistari michache. Msomaji akiipata hiyo hawezi kuandika "hakuna tatizo" akaenda kunywa chai.

La mwisho ni CD. Filamu huchapwa kwa ukubwa wowote, kwa hiyo milimita 9.35 huwezi kuipima kwa rula juu yake. Uwiano unaweza, maana namba zote mbili zimepungua sawa, ila kipande chenyewe hukukichagua wewe. Kama picha imepigwa Dar es Salaam, ombeni CD siku ileile, kabla mgonjwa hajaondoka huko, maana kuifuata baadaye ni safari nyingine ya zaidi ya kilomita 500. Ifungueni kwenye kompyuta ya palepale muone kama inasoma. Nakala moja aende nayo mgonjwa, nyingine ibaki kwenye faili kituoni, na tarehe ya mwaka mmoja mbele iandikwe kwenye jalada, kwa ajili ya yule ambaye uwiano wake umetoka 0.54 na bado anaanguka.